Mlango wa Wanawake Siku ya Kura

Ruqaiya, mjukuu wangu, kura yake ya mara hii ameipiga amelala chali kwenye godoro la sebuleni, mguu mmoja juu ya mwengine, anatafuna karanga. Kaielekeza simu usoni, kasoma anachosoma, kabonyeza, kisha kaniuliza kama wali umeiva. Nikamwambia, "Ndiyo ushamaliza?" Akanambia, "Nshamaliza, bibi." Nikabaki nimesimama na mwiko mkononi kama mtu aliyeporwa.

Siichukii hiyo simu. Haikati mtu kiganja wala haimpigi mtu kiatu cha uso. Lakini sikukuu iliyopita niliposema kuwa mie nilipigwa kiatu cha uso siku ya kura, nyote mlicheka, na mume wa Ruqaiya akapaliwa mpaka akatolewa nje. Basi kaeni vizuri, nikuandikieni ilikuwaje. Mie si mtu wa kalamu. Chuoni Unguja nilihitimu msahafu, skuli nilikwenda madarasa manne, kisha safari ikatuleta huku Omani. Nnaandika kwenye daftari, Ruqaiya ananipigia chapa, na nimemkataza kunisahihisha.

Kazi yangu nilikuwa farasha katika skuli ya wasichana. Kwa asiyejua, farasha ndiye anayefagia madarasa, anayepika chai ya walimu, anayefungua geti asubuhi na kulifunga mchana, na anayeulizwa kila kitu kikipotea. Mji sitautaja. Uko huku Sharqiya, baina ya Ibra na Sur, na wenyewe wanajijua. Uchaguzi wa Shura, lile baraza la wawakilishi, ukifika, skuli yetu ndiyo kituo cha wanawake, na skuli ya wavulana ng'ambo ya barabara ndiyo ya wanaume. Walimu waliwekwa mezani na orodha. Mie niliwekwa mlangoni, kwa sababu mbili: funguo zote nnazo mie, na mji ule sina jamaa. Mume wangu, Mungu amrehemu, mtu wa Nizwa, na mie nimezaliwa Malindi Unguja. Si wa Mtaa wa Juu, si wa Mtaa wa Chini.

"Wewe huna upande," alinambia Bwana Hamed, mkuu wa kituo, "kwa hiyo hapana atakayekulaumu."

Alikosea. Nililaumiwa na pande zote mbili, tena siku moja.

Huku hakuna vyama. Kuna mtu na jamaa zake. Mgombea akisimama, husimama na shangazi zake wote, na wake wa ami zake, na majirani wa shangazi zake. Wanaume wana baraza zao za kumalizia maneno. Wanawake walikuja kuyamaliza mlangoni kwangu.

Aliyenifunza mlango ni Mama Thuraya, bawabu wa zamani wa skuli, mtu wa Jalan, mfupi, na sauti yake ukiisikia unadhani amekula kokoto. Uchaguzi wa kwanza tulikuwa pamoja. Watu waliongezeka, mie nikaogopa, nikaufunga mlango wa kioo wa ukumbi kwa ufunguo. Nilidhani natia nidhamu. Wale wanawake walikuwa wanapiga soga zao za harusi na bei ya mbuzi. Kufuli ilipolia tu, wakanyamaza. Kisha wakasukuma wote kwa pamoja.

Kioo kilipasuka. Mwalimu mmoja, binti mdogo, akakatika kiganja, damu ikamwagika juu ya orodha ya majina. Mie nikapiga kelele, "Rudini nyuma, hamna adabu!" na hapo ndipo kiatu kikanipata hapa, juu ya jicho. Kidoti hiki mnachokiona si ndui.

Mama Thuraya hakupiga kelele. Alitoka kwa mlango wa jikoni, akauzunguka ukuta, akaenda kusimama nyuma ya kundi lote, na akaanza kuamkiana na yule wa mwisho kabisa. "Hujambo, mwanangu? Mama yako goti lake vipi? Ule mzigo wa tende ulifika?" Yule akageuka kujibu. Na mwenziwe akageuka kusikiliza. Haikupita muda safu nzima ya nyuma imegeuka inasimulia magoti, na wale wa mbele wakapata kuvuta pumzi.

Baadaye alinitia barafu usoni akanambia, "Wewe umempigia kelele nani?"

"Wale wa mbele. Si ndio waliokuwa wanasukuma?"

"Wa mbele anasukumwa, mjinga wewe. Yeye mwenyewe anaomba Mungu apate pa kutokea. Anayesukuma yuko nyuma, na haoni kitu, na asiyeona kitu hudhani anadhulumiwa. Nenda nyuma."

Haya niliyoyapata kwake nakupeni bure. Mlango wa watu wengi usiufunge ghafla. Wacha ubao mmoja wazi, hata kama hapiti mtu. Wakalishe chini. Mtu aliyekaa hawezi kusukuma. Maji anza kuwapa walio mbali, si walio karibu. Usiseme "subirini," sema "mbele yako wapo kumi na wawili." Mtoto anayelia mtoe kwanza na mama yake, na wengine hawatanung'unika, kwa kuwa wanataka kelele ziishe. Na usimguse mtu. Ukimgusa mmoja bega, wote watasema umempiga.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kutazama nyuso. Wanawake wengi wa kule huvaa barakoa, uso hauonekani ila macho, na kitambulisho kina picha ya uso, kwa hiyo lazima mwanamke mwenzao aone. Nilifunga khanga mbili pembeni ya ukumbi zikawa pazia, mtu anaingia, anafunua, natazama, anafunika. Watu elfu wanaingia wananiambia habari zao pale nyuma ya khanga, kama kwa daktari. Mmoja alifunua, nikatazama picha, nikamtazama yeye. Nikamwambia, "Huyu si wewe." Akanambia, "Ni mie kabla ya watoto saba." Nikampitisha, na nilimpitisha kwa haki, macho yalikuwa yale yale.

Lakini nyuso zao sikuzijua. Mtu unayemwona miaka na barakoa, ukimwona bila yake ni mgeni. Niliwajua kwa viatu. Ukifagia skuli miaka mingi macho yako yako chini, na akina mama wakija kuchukua watoto unaona viatu kwanza. Ndivyo nilivyomjua Bi Ghalia. Bi Ghalia ni mzee wa mabedui wa mchangani, alikuja na wanawake wa mahema yake kila uchaguzi, yeye mbele. Alivaa ndara za kiume za ngozi, na ile ya kushoto mkanda wake ulikatika zamani akaufunga kwa kamba ya buluu. Mara ya kwanza alipoingia nyuma ya khanga alinambia, "Tazama upesi, mume wangu mwenyewe hajaniona mchana."

Nikamwambia, "Kwenye picha umekunja uso."

"Na wewe ungekunja. Mpiga picha alinambia nicheke."

Haya tuliyasema kwa Kiarabu, mie nakuandikieni kwa lugha yetu. Na Kiarabu changu, nyinyi mnakijua. Mpaka leo nikifungua mdomo sokoni muuza samaki ananijibu, "Karibu, Mzinjibari."

Sasa siku yenyewe. Mama Thuraya alikuwa keshafariki, na mlango ulikuwa wangu peke yangu. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza walioleta mashine za kusoma vitambulisho. Asubuhi ilikwenda vizuri. Baada ya adhuhuri mashine ikaganda. Fundi akapigiwa simu, fundi yuko njiani, fundi yuko njiani, na huku jua linachoma na foleni inajikunja mpaka barabarani. Katika kundi la watu, maneno hayangoji fundi. Kwanza wakasema mashine imeharibika. Kisha imezimwa. Kisha imezimwa makusudi. Kisha wakajua mpaka na jina la aliyezima, na alikuwa mtu aliyeko Maskati siku ile.

Mashine iliporudi, waliokuwa mbele walikuwa wanawake wa Mtaa wa Chini. Wakapiga kura, wakatoka ukumbini, nami nikashughulika na khanga zangu. Nilipokuja kuinua kichwa nikaona kitu. Hawaondoki. Wametandika mikeka chini ya lile banda la bati ambapo wasichana hupanga mistari asubuhi, wameshusha machupa ya kahawa na mabakuli ya halua, wamejaa uwanja mzima kutoka ukumbini mpaka karibu na geti. Katikati yao amekaa Bi Zamzam, mzee wa Mtaa wa Chini, mwanamke mzito mwenye pete kila kidole. Mgombea wao alikuwa mtoto wa ndugu yake.

Nikamwendea. "Bi Zamzam, mmemaliza?"

"Tumemaliza, alhamdulillahi."

"Basi?"

"Basi tunapumzika. Au siku hizi kupumzika kumekatazwa?" Wanawake wake wakacheka. "Kaa nawe, Mzinjibari, miguu yako imevimba kama mihogo."

Ndipo nikaelewa. Getini kulikuwa na askari mwanamke, Badriya, na amri yake ilikuwa asiingize mtu mpaka uwanja upungue, wasije wakakanyagana tena kama mwaka wa kioo. Amri nzuri. Bi Zamzam aliijua amri hiyo, na akaujaza uwanja kwa watu waliokwisha kupiga. Na nje ya geti, juani, walikuwa Bi Ghalia na wanawake wa mchangani, waliotoka kwao tangu alfajiri nyuma ya mapikapu, wapatao sitini. Mgombea wao alikuwa wa Mtaa wa Juu. Na sheria ilikuwa hivi: atakayekuwa ndani ya ukuta saa ya kufunga, atapiga kura hata akichelewa. Wa nje, ndio basi.

Ilibaki kama saa moja. Wanaume wa wale wanawake wa nje walianza kuvuka barabara kutoka skuli ya wavulana. Kwanza wawili watatu, kisha wengi. Honi za mapikapu zikaanza, zote pamoja. Mtu akalipiga geti kwa fimbo. Geti letu lilikuwa la bati la chuma, zima, huoni kitu ila pengo la shibiri chini, na kila likipigwa lilitoa sauti kama ngoma, na kila likilia Bi Zamzam alijimiminia kahawa.

Nikafanya nililofunzwa. Nikachukua chupa yangu ya kahawa na finjani, nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikazunguka, nikaenda nyuma. Mawe madogo yalikuwa yanarushwa getini, si kwa kuumiza, kwa kutia hofu. Nilipita baina ya wanaume nimeinamisha kichwa. Mmoja akanambia, "Umekula riali ngapi, mama, kutufungia?" Mwengine akasema, "Mwacheni, huyo hata kahawa hajui kupika, anatia maji." Nikawafikia wanawake, nikamimina, nikampa Bi Ghalia wa kwanza, kwa kuwa yeye mkubwa.

Kuhusu finjani ya kahawa mie nilijua jambo moja tu, lile mnalolijua nyote: ukitosheka unaitikisa, mwenye chupa anaacha kukumiminia. Bi Ghalia aliipokea, hakunywa. Aliinama akaiweka chini mchangani, imejaa, baina ya ndara zake mbili.

Wanawake waliomzunguka wakanyamaza kimya. Mie nikadhani amenuna, au ameiona kweli ina maji. Kwetu Unguja mgeni akinuna unambembeleza. Nikamwambia, "Kunywa, bibi yangu, kunywa. Unalolitaka litakuwa."

Akaniinulia macho. "Umesema litakuwa?"

"Litakuwa, kunywa."

"Mmesikia?" aliwauliza wenziwe. Wakaitika wote. Kisha akaniambia taratibu, kama mtu anayemsomea mtoto: "Haja yangu ni hii. Wanawake wangu wote wawe ndani ya ukuta kabla hamjafunga. Wote. Na kahawa hii siinywi sasa. Nitainywa wa mwisho akishaingia. Niwekee." Akaiokota akanipa mkononi.

Nikarudi jikoni na finjani imejaa, naibeba nisiimwage, bado sijafahamu. Badriya alikuwa ameinama, ameona na kusikia kila kitu kwa lile pengo la chini ya geti. Yeye mwenyewe binti wa kibedui. Alinifuata uso umempauka.

"Mama Shamsa, umefanya nini?"

"Nimempa kahawa."

"Ameiweka chini! Mtu akiiweka chini finjani ana haja, na hanywi mpaka ajue haja yake itatimizwa. Na wewe umemwambia anywe. Umeahidi, mama. Mbele ya watu sitini umeahidi."

Miaka yote Mama Thuraya hakunifunza hilo. Hakunificha. Haikumpitikia tu kuwa yuko mtu duniani asiyelijua.

Nikaenda kwa Bwana Hamed na ile finjani mkononi, nikamwambia kilichotokea. Alikuwa mtu mpole, siku ile alikuwa ametota jasho mpaka kofia.

"Umeahidi kwa idhini ya nani? Mie mkuu wa kituo siwezi kuahidi hilo."

"Sikuahidi kwa idhini, Bwana Hamed. Nimeahidi kwa ujinga."

"Uwanja umejaa. Niwatoe hawa kwa nguvu? Askari akimgusa Bi Zamzam, wanaume wa Mtaa wa Chini wataruka ukuta. Nisiwatoe, wale wa nje watalivunja geti, na nyuma ya geti wamekaa wanawake na watoto." Akatazama saa. "Dakika ishirini na tano."

Geti likalia tena, na safari hii nikaona bawaba ya juu inacheza. Kwenye mkeka wa karibu kabisa na geti alikuwa amelala mtoto mchanga, mama yake anampepea kwa ncha ya shela. Niliitazama ile bawaba, nikamtazama yule mtoto. Nyinyi mnaposikia fujo za uchaguzi mnafikiri moto na risasi. Mie nafikiri bawaba.

Nikaiweka finjani ya Bi Ghalia juu ya kabati la jikoni, nikaifunika kwa kisahani, nikaenda kwenye mikeka.

"Bi Zamzam," nikamwambia, "ulinikaribisha. Nimekuja kukaa."

"Enhe! Miguu imeshindwa?" Akanisogezea nafasi. "Mmiminieni Mzinjibari kahawa, anywe kahawa ya watu."

Wakanimiminia. Ilikuwa nzuri, hiliki imejaa, harufu inapanda puani, na mie tangu asubuhi sikutia kitu kinywani. Nikaishika kidogo. Kisha nikainama nikaiweka chini kwenye mkeka, mbele ya magoti yake, imejaa.

Soga zikakatika. Ilianza mkeka wetu, ikaenda mkeka wa pili, ikaenda mpaka mwisho wa banda. Honi tu nje.

Bi Zamzam akacheka, lakini macho hayakucheka. "Nani kakufunza hayo?"

"Nimefunzwa leo."

"Kunywa kahawa yako."

"Sinywi."

"Itapoa."

"Na ipoe."

Alizungusha pete moja kidoleni, akaizungusha tena. Watu wote wanamtazama yeye, hapana anayenitazama mie. "Haya. Una haja gani?"

"Mliokwisha kupiga mtoke kwa mlango wa jikoni. Sasa hivi, polepole, wenye watoto kwanza. Uwanja uwe mtupu."

"Unajua mgombea ni nani?"

"Mtoto wa ndugu yako. Ulimlea wewe."

"Na wale walioko nje unajua watampa nani?"

"Najua."

"Na bado unaniomba."

"Na bado nakuomba."

Mwanamke mmoja pembeni akasema kwa ukali, "Mwambie aende zake! Huyu kanunuliwa na mchangani!" Bi Zamzam hakumgeukia. Nilijua akisema hapana nimekwisha. Nje nimeahidi nisiloliweza, ndani nimeaibishwa mbele ya mji mzima, na mie ni mtu wa kuishi mji ule, wa kununua mkate pale, wa kuozesha watoto pale. Na lile geti halikuwa na dakika kumi.

Nikautazama mvuke wa kahawa mpaka ukaisha. Kisha Bi Zamzam akashusha pumzi.

"Kunywa kahawa yako, Shamsa."

Miaka yote aliniita Mzinjibari. Sikujua kama jina langu alikuwa analijua.

Nikainywa. Akainuka kwa kushika magoti, akaanza kukunja mkeka wake mwenyewe, na wengine walipoona anakunja, wakakunja. Yule mwenye mtoto mchanga nilimpitisha wa kwanza. Walipita jikoni mmoja mmoja, wengine wananisonya, mmoja akanikanyaga kidole makusudi. Bi Zamzam alipita mwisho. Akanambia, "Mtoto wa ndugu yangu akishindwa, nitakukumbuka." Nikamwambia, "Una haki."

Mtaniuliza nani alishinda. Sitasema. Waliokuwepo wanajua, na mlangoni huwa hatuna mshindi. Nitasema tu kuwa Bi Zamzam hakunisalimia mpaka Idi, na siku ya Idi alinipelekea bakuli la halua bila salamu, na bakuli nilimrudishia limejaa visheti, bila salamu vile vile. Hivyo ndivyo tulivyosameheana.

Kulifungua geti sasa ndiyo ilikuwa kazi, maana watu waliosukuma saa nzima ukiwafungulia hawaingii, wanaanguka. Nikamwambia Badriya afungue upana wa bega moja tu, na apige kelele za hesabu kwa nguvu, watu wasikie wanahesabiwa. "Mmoja! Wawili! Watatu!" Ndani nikawapokea, nikawakalisha chini watano watano, kila mmoja kashika shela ya aliye mbele. Nilitega mgongo wangu kungoja ule msukumo wa nyuma.

Haukuja. Waliingia kama wanaingia msikitini. Nikastaajabu, nikachungulia. Kule nyuma kabisa, baina ya wanawake na ule ukuta wa wanaume, alikuwa amesimama Bi Ghalia, mikono ameitandaza, mgongo ameupa geti. Anazungumza na kijana wa mbele wa wale wanaume, anamuuliza habari za ngamia wake. Hakufunzwa na Mama Thuraya hata siku moja. Alijua tu.

"Hamsini na nane! Hamsini na tisa!"

Bwana Hamed alikuwa nyuma yangu na saa mkononi. "Saa imefika."

"Amebaki mmoja, Bwana Hamed. Yule pale. Hatua kumi tu."

"Saa imefika, Mama Shamsa. Ukimwingiza mmoja baada ya saa, nitawajibu nini wa Mtaa wa Chini?"

Badriya akanitazama, mkono wake bado umeshika geti. Funguo nnazo mie. Na mie najua mlango kuliko wote wawili: alikuwa anasema kweli. Nililifunga. Nililifunga taratibu, kwa mikono miwili, kufuli isilie.

Kisha nikaona lile pengo la chini. Zikaja ndara mbili za kiume, ya kushoto imefungwa kamba ya buluu, zikasimama mbele ya geti.

"Shamsa," alisema, bila hasira. "Wote wamo?"

"Wote wamo. Umebaki wewe."

Nyuma yake wanaume walikuwa wameanza kupandisha sauti tena. Nilisikia anawageukia, anawaambia neno moja fupi, wakanyamaza.

"Ulikuwa wa mbele, Bi Ghalia," nikamwambia. "Ungeingia wa kwanza."

"Mie niliomba wanawake wangu. Sikujiomba mie." Ndara zikasogea karibu. "Iko wapi kahawa yangu?"

Nilikwenda jikoni mbio, kwa miguu yangu ile ya mihogo. Finjani ilikuwa juu ya kabati na kisahani chake, baridi kama maji ya kisima. Nilitaka kuimwaga nimtilie ya moto. Sikuimwaga. Niliibeba kuvuka uwanja, baina ya wale wanawake waliokaa watano watano, wote wananitazama, nikapiga magoti nikaipitisha chini ya geti.

Mkono wa hina ukaichukua. Kisha mkono ukarudi na finjani, tupu, ukaitikisa mara mbili mbele ya macho yangu, ukaiweka mchangani.